Asiyekula cha Mfalme

Ndugu msikilizaji, wengi wetu wa pwani tulipokuwa chuoni tulihifadhishwa hadithi za Arobaini. Mimi nilizihifadhi kabla sijajua aliyezikusanya alikuwa mtu wa namna gani. Leo nataka tumwangalie.

Imam Yahya bin Sharaf alizaliwa mwaka 1233 katika kijiji cha Nawa, nchi ya Sham. Ndiyo maana akaitwa Nawawi. Alipofika umri wa miaka 18 hivi, baba yake alimpeleka Damascus kusoma. Huko aliishi katika chumba kidogo cha madrasa, akihudhuria masomo 12 kwa siku. Akila mara moja tu, baada ya sala ya Isha. Hakuoa. Matunda ya Damascus hakuyagusa, kwa kuwa mashamba mengi yalikuwa ya wakfu au mali ya mayatima, naye alichelea kula haki ya mtu. Chakula chake kilitoka kwa wazazi wake kijijini. Hata mwaka 1267 alipopewa kuongoza Darul Hadith Ashrafiya, mshahara wake hakuula.

Pengine utauliza: ya nini kujinyima kote huko?

Jibu tunalipata kwa Sultani Baybars. Inasimuliwa kuwa Sultani alitaka kuwatoza raia fedha za vita dhidi ya Wamongolia, akataka fatwa ya kumhalalishia. Wanachuoni wengine walitia saini. Nawawi akakataa. Alimwambia kwamba watumwa wake wamevaa mikanda ya dhahabu na wajakazi wake wamejaa vito; kwanza avitoe hivyo, ndipo awaendee raia. Sultani alighadhibika, akamfukuza mjini. Nawawi akarudi zake Nawa.

Hebu fikiri, msikilizaji: Sultani angemkatia nini? Mshahara hakuwa akiula, na jumba hakuwa nalo. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa mfalme yeye hakuwahi kuulamba. Zuhudi yake haikuwa ya kuukimbia ulimwengu. Ndiyo iliyompa ulimi wa kusema na wakubwa.

Wote wawili walifariki mwaka 1277, Sultani akitangulia kwa miezi michache. Nawawi hakuwa ametimiza miaka 45. Hakuacha mtoto wala mali, bali aliacha vitabu. Kimoja, Minhaj, kilikuja kuwa tegemeo la makadhi wa Kishafii hata huku kwetu Unguja, Mombasa na Lamu.

Basi tunapoomba wenye elimu watusemee kweli, tuulize pia: chakula chao kinatoka kwa nani?