Somo la historia lamfunza mwanafunzi maana ya matusi ya barazani

VIJANA wengi wa Pwani huingia chuoni wakiwa na jibu tayari. Waulize ubaguzi wa rangi ni nini, nao watakutajia makaburu wa Afrika Kusini, au mtalii wa Malindi anayemwita mhudumu kwa mluzi. Hawatakutajia maneno waliyoyasikia kwao tangu utotoni: "Mnyika", "mtumwa", na kwa upande wa pili, "Mwarabu" likitamkwa kama tusi.

Somo la historia ya Pwani ndilo huwavuruga. Kilifi sasa ina Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopewa hati mwaka 2013, na mengi yaliyomo vitabuni yalitendeka mwendo wa matatu tu kutoka hapo.

Chukua hilo neno Mnyika. Nyika ni pori tu. Watu wa mjini waliwaita hivyo majirani zao wa bara, wageni wakaliandika katika ramani na ripoti. Jina Mijikenda lilikuja kuenea katika miaka ya 1940. Mwanafunzi akilijua hilo huanza kuuliza majina mengine yalitoka wapi, na hapo mambo huwa mazito.

Malindi ilifufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Unguja. Mtama na ufuta wake ulilimwa na watumwa, wengi wakiwa Wayao, Wanyasa na Wamakua. Waliotoroka walijenga vijiji bara, kama Fuladoyo, au walikimbilia misheni ya Rabai. Mwishoni mwa 1888 yalifanywa mapatano ya kuwakomboa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni. Fedha walipewa mabwana. Watoro walipewa hati.

Mwanafunzi Mgiriama naye hupata jambo la kumeza. Katika njaa ya Mwakisenge, 1884 hadi 1885, kuna Wamijikenda waliowaweka watoto wao rehani mjini ili wapate chakula, na wengine hawakurudi. Kumbe huyo anayeitwa "wa mjini" huenda ni ndugu wa damu.

Na wa mjini je? Sheria za kikoloni zilimweka Mwarabu fungu moja na "mwenyeji" fungu jingine, kila fungu na haki zake na kodi zake. Si ajabu wazee wa Kiswahili wa Mombasa walipigania miaka mingi wahesabiwe Waarabu. Ilikuwa damu, au ilikuwa kodi? Kisha ikaja sheria ya mwaka 1908 ya vyeti vya ardhi. Mashamba ya ukanda wa pwani yakaandikwa majina ya walioweza kuleta madai yao. Wengi waliokuwa wakiyalima wakawa maskwota. Ugomvi wa mashamba tunaousikia hadi leo una mzizi hapo, wala si katika ngozi ya mtu.

Kazi ngumu huja likizoni, kijana anapomwuliza bibi yake wazee wao walitoka wapi hasa. Katika nyumba nyingi swali hilo halijapata kuulizwa. Mwalimu hawezi kumsaidia hapo, na mzazi anayemkemea anyamaze humrudisha kwenye matusi yale yale. Wako wazee husema. Wengine huinuka wakaenda kutazama chungu jikoni, kijana akabaki na daftari lake.