Anayefika Kwanza Si Mshindi Bado

"Wanakimbia huku wamebeba bunduki?" Mama aliuliza mara mbili, akidhani simu inakatakata. Mimi nilikuwa Oslo, nimesimama kwenye theluji ya Holmenkollen. Yeye alikuwa barazani kwake Nshambya, Bukoba, mvua ya Machi ikipiga bati. Kwa mtu wa umri wake bunduki si kifaa cha michezo. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na daraja la Kyaka likavunjwa, watu wa Kagera waliujua mlio wa risasi na maana yake. "Waitu, mwanangu," akasema, "hebu toka huko."

Sikutoka, na ninafurahi sikutoka.

Mchezo wenyewe unaitwa biathloni. Mkimbiaji anateleza kwa ski msituni, mgongoni ana bunduki isiyopungua kilo 3.5, kisha anaingia uwanjani kulenga shabaha tano, halafu anarudi msituni. Ulianza kwa askari wa nchi za baridi, ambao doria yao ilikuwa ndiyo hiyo hiyo: kuteleza na kulenga. Wanaume waliingia kwenye Olimpiki mwaka 1960 kule Squaw Valley, Marekani. Wanawake walisubiri hadi Albertville, Ufaransa, mwaka 1992.

Ili msomaji wa Bukoba apate picha, asimame golini pale uwanja wa Kaitaba. Sasa aweke yai la kuku karibu na mstari wa kati. Hiyo ndiyo shabaha ya anayelenga akiwa amelala kifudifudi: upana milimita 45, umbali mita 50. Akilenga amesimama wanamhurumia kidogo, shabaha inakuwa kama kisosi, milimita 115. Lakini hakuja kwa teksi huyu. Ametoka kupanda mlima, mapigo ya moyo yanaweza kuwa yamepita 160 kwa dakika, kifua kinapanda na kushuka, na mtutu unapanda na kushuka nacho. Inabidi atulize pumzi katikati ya kuhema. Nilijikuta nami nimebana pumzi, na mzee wa Kinorwe aliyesimama karibu yangu na chupa yake ya chai alikuwa amebana pia. Shabaha ikipigwa, duara jeusi linageuka jeupe, na maelfu ya watu wanatoa ukelele mmoja. Risasi ikikosa, inatoka sauti ya chini, kama ya watu walioona mtoto akidondosha mtungi.

Kila risasi iliyokosa ina bei yake. Katika mbio fupi ninazozisimulia hapa, bei ni kuzunguka kijiduara cha mita 150 kilicho mbele ya macho ya kila mtu. Ukikosa tatu, mita 450, wakati wenzako wanapotelea msituni.

Kuna jambo moja lililonichukua muda kulielewa. Katika mbio hizi wakimbiaji hawaanzi pamoja. Anaondoka mmoja, baada ya sekunde 30 anaondoka mwingine, hadi mwisho wa orodha. Basi anayevuka mstari kwanza hajashinda chochote bado. Anavua ski, anasimama pembeni na kutazama saa kama sisi. Mwenye namba ya 60 anaweza kutokea msituni nusu saa baadaye na kumpokonya ushindi. Mtazamaji aliyewahi treni ya kuteremka mjini kabla ya wote kufika hawezi kujua alichokwenda kukiona. Kwa hiyo watu wanakaa. Wamekuja na soseji, na mablanketi, na watoto wao, wanasubiri kwa subira ile ninayoikumbuka kwetu msimu wa senene, watu wakikesha chini ya taa bila uhakika kama kundi litashuka.

Binti mmoja mwenye namba kubwa kifuani alikosa risasi nne kati ya tano. Kwa hesabu za ushindi alikuwa amekwisha kutoka. Alipoanza kuzunguka kile kijiduara nilitegemea watu wageukie soseji zao. Walimpigia makofi mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne wakaongeza kelele. Hakuwa Mnorwe.

Hapo nikamkumbuka Philip Boit. Huyu ni Mkenya, mkimbiaji wa mita 800 aliyegeukia ski akiwa mtu mzima, akaingia Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, katika kilomita 10. Alikuwa wa 92, wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norwe alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24, akakataa kuondoka mstarini. Alimsubiri Boit, akamkumbatia. Boit alirudi Kenya, akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Nasi Watanzania tunaye wetu. John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, aliingia uwanjani Mexico City mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda maratoni. Tunamtaja kwa fahari, na ni haki yake. Kinachonigusa siku hizi ni wale watu elfu chache waliobaki kwenye viti giza likiingia, wakati wengi walikuwa wameshaondoka. Bila wao angemaliza mbele ya viti vitupu.

Nasema hivi kwa sababu nimekaa pembeni mwa mbio nyingi za shule huko nyumbani. Wa kwanza, wa pili na wa tatu wakishafika, mwalimu anaandika majina, wazazi wanakung'uta nguo, kamba inakunjwa. Nyuma kuna mtoto bado anapanda kilima, peku, peke yake, na anapofika hakuna mstari.

Michezo ijayo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ikifika kwetu, wazazi wa Nshambya, nawaomba tusiondoke. Na walimu, tafadhali, kamba ibaki hadi yule mtoto wa mwisho aivuke, na jina lake liandikwe pamoja na muda wake.