Aya Haisomwi Peke Yake

Ukitoka Mombasa kwa gari kuelekea Nairobi, mwendo wa kama kilomita 150 utakufikisha Voi. Inua macho upande wa kusini, utauona mlima wa Sagalla. Huko juu ndiko wamisionari wa Kiingereza wa CMS walikopiga kambi mwaka 1883. Miaka michache baadaye reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ikapita hapa chini, ikaja na Waislamu wa Pwani na wa Bara Hindi, na misikiti ikasimama. Ndiyo maana katika Utaita si ajabu kukuta katika nyumba moja mwenye kutawadha na mwenye kwenda kanisani, nao ni wa tumbo moja.

Nilikwenda Voi kumpa mkono wa tanzia jamaa yangu. Baada ya sala ya Ijumaa niliketi mkahawani nikinywa chai, akanijia kijana wa umri wa miaka thelathini hivi. Akanisalimu kwa adabu, akasema, "Maalim, nina swali, lakini sitaki wenzangu wasikie."

Kisa chake ni hiki. Alisilimu miaka mitatu iliyopita. Mama yake ni mjane, Mkristo, anaishi Sagalla. Mara tu aliposilimu, mtu mmoja alimsomea aya ya 51 ya Suratul Maida, akamwambia kwamba Muislamu hana ruhusa ya kusuhubiana na Manasara. Tangu siku hiyo hakuupanda tena mlima. Mama humletea mahindi na kunde kwa gari za abiria, naye huvigawa kwa majirani, asithubutu kuvila. "Juzi ameniletea salamu," aliniambia, huku akiangalia chini. "Macho yake yanafifia. Anasema anataka kunishika uso angali ananiona."

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamwuliza, "Mwanangu, huyo aliyekusomea aya ya 51, je, alikusomea na ya 5?"

Hakusomewa. Nayo imo katika Sura hiyo hiyo! Ndiyo inayotuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, na ndiyo inayomruhusu Muislamu kuoa mwanamke wao aliye mwema. Basi tufikiri pamoja, msomaji. Ikiwa Mwenyezi Mungu amehalalisha Nasara awe mke wa Muislamu, maana yake amekubali awe mama wa watoto wa Kiislamu. Je, watoto hao wataamrishwa wamtupe aliyewazaa?

Sisi tuliosoma chuoni zamani tunayajua maradhi haya. Mimi mwenyewe nilihitimu juzuu thelathini kwa bakora, na sikujua maana ya ukurasa mmoja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947, aliyaona mapema. Alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akaandika kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida aifahamu dini yake. Sheikh Abdalla Saleh Farsy naye, aliyeshika cheo hicho hicho miaka ya baadaye, alitutolea tarjuma kamili ya Kurani mwaka 1969. Mlango ukafunguka. Lakini tarjuma ni mlango tu, nyumba bado haijaonekana. Neno awliyaa lililomo katika ile aya ya 51 huandikwa mara nyingi "marafiki", na wanavyuoni hulieleza pia kuwa ni walinzi na wasimamizi, watu unaowategemea dhidi ya wenzako wakati wa uadui. Asiyejua wakati ule ulikuwaje atalichukua neno la vita akalipeleka jikoni kwa mama yake.

Nikamsimulia habari ya Bibi Asmaa binti Abubakar. Mama yake alikuwa bado mshirikina, wala si katika Watu wa Kitabu, alipomjia Madina akitaka mapenzi ya mwanawe. Asmaa alikwenda kumwuliza Mtume (S.A.W.) kama aunge udugu naye. Mtume alimwambia aunge. Na Suratul Mumtahina, aya ya 8, inaeleza kwamba hatukukatazwa kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini.

Wako watakaosema huku ni kulegeza dini. La! Suratul Luqman, aya ya 15, imeweka mpaka wazi: mzazi akikushurutisha kumshirikisha Mungu, usimtii, lakini ukae naye kwa wema duniani. Amri hizo mbili zimo katika aya moja. Mwenye kuchukua nusu ya kwanza amepunguza, na mwenye kuchukua nusu ya pili peke yake amepunguza vile vile.

Na tusidhani haya ni mambo ya vitabuni tu. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak huko Mandera, wenye bunduki walisimamisha basi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa, na baadhi ya wanawake wakawapa wenzao wa Kikristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Wale wenye bunduki walidai dini, na abiria nao walikuwa na dini. Kitabu ni kimoja. Waliotofautiana ni wasomaji wake.

Yule kijana alinisikiliza mpaka chai yangu ikapoa. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Na chakula chake, Maalim, nile?"

"Kula, mwanangu. Na ukifika, umwache akushike uso."

Alitazama saa, akauliza kama Alasiri imekaribia. Alitaka asali, kisha aiwahi gari ya mwisho ya Sagalla.