Miguu yenye kupasuka: tuitunze mbele ya msimu A

Toka mwezi wa 6 mpaka wa 8, tunapotembelea mashamba hapa Kivu, tunakuta watu wengi wenye visigino vilivyopasuka. Wengine wanasema: «Ni uzee tu.» Hapana. Mwezi wa 9 mvua inarudi, tunaingia katika matope juu ya kupanda maharagwe na mahindi, na ile mipasuko inakuwa mlango wa vijidudu. Mtu anaweza kukosa msimu muzima juu ya kisigino.

Sababu ni nini?

Ngozi ya chini ya mguu ni nene, na haitoi mafuta yake yenyewe. Wakati wa kiangazi inakauka. Ukitembea bila viatu, ao na kamambili, huku umebeba mzigo, kisigino kinapanuka pembeni na ngozi kavu inapasuka. Sabuni kali na maji ya moto sana yanaongeza ubaya.

Tufanye nini kila mangaribi?

1. Lowesha miguu katika maji ya vuguvugu, dakika 15 hivi.
2. Sugua polepole ngozi ngumu kwa jiwe safi. Usisugue penye kidonda.
3. Pangusa vizuri, hata katikati ya vidole.
4. Mbele ngozi haijakauka kabisa, pakaa vazelini kwenye visigino, kisha vaa soksi safi na ulale nazo.

Usikate ngozi kwa wembe. Usitie mafuta ya taa wala asidi ya betri: vinaunguza.

Shambani tuvae mabote. Tunajua ni ya bei, lakini wanamemba wakichanga na kununua pamoja, bei inaweza kupunguka. Jioni yaanikwe, yakauke ndani.

Wakati gani kwenda kituo cha afya?

Nenda upesi kama mguu unavimba, una moto, unatoa usaha, ao kama una homa. Mwenye ugonjwa wa sukari asingoje hata siku moja, maana anaweza kuwa na kidonda bila kusikia maumivu. Tukumbuke pia pepopunda: vijidudu vyake vinaishi katika udongo na mavi ya wanyama, na vinaingia kwa kidonda. Uliza muganga kama chanjo yako ingali na nguvu.

Tuanze leo. Visigino vinahitaji majuma kadhaa juu ya kupona, na mvua haitatungojea.