Yasiyoonekana Kwenye Fuvu

Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya kwenda Ruaha, ilikuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hadi Wajerumani walipoiteka Oktoba 1894. Siku hizi pana makumbusho madogo, na ndani ya kabati la kioo limo fuvu la kichwa linalosemwa kuwa lake. Wageni wengi huuliza habari za vita. Mpenzi wa sayansi ana swali lake: walijuaje kuwa ndilo?

Mkwawa alijipiga risasi Julai 19, 1898 ili asikamatwe akiwa hai, na Wajerumani wakakichukua kichwa chake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Ilichukua zaidi ya miaka 30. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akaonyeshwa mkusanyo wa mafuvu yapatayo 2,000, kati yake 84 ya kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akatenga yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai, kisha akachukua lile moja lenye tundu la risasi. Julai 9, 1954 lilirudi Uhehe na kupokewa na mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, yuleyule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge.

Tundu la risasi tunalielewa. Vile vipimo ndivyo vyenye historia ndefu na chafu.

Kipimo kikuu cha enzi hizo kilibuniwa katika miaka ya 1840 na Anders Retzius wa Sweden: unachukua upana wa kichwa, unagawanya kwa urefu wake kutoka paji la uso hadi kisogoni, unazidisha kwa 100. Fuvu la urefu wa sentimita 18 na upana wa sentimita 13 linapata 72 na ushei. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, lakini juu yake yalijengwa madai makubwa kuhusu akili za mataifa mazima. Kule Philadelphia, daktari Samuel Morton alikuwa akijaza mafuvu mbegu za haradali, baadaye risasi ndogondogo, ili apate ujazo wa ubongo na kuzipanga jamii za watu kwa ngazi. Watu wa rangi yake, bila shaka, wakakaa juu. Ndiyo maana makumbusho ya Ulaya yalikuwa na njaa ya vichwa vya Waafrika. Mkusanyo wa mwanaanthropolojia Felix von Luschan mjini Berlin ulikuwa na maelfu, yakiwemo ya watu waliofukuliwa makaburini.

Madai hayo yalianza kupasuka mapema. Mwanaanthropolojia Franz Boas alipima maelfu ya wahamiaji wa New York pamoja na watoto wao, na mwaka 1911 akatangaza kwamba watoto waliozaliwa Marekani walikuwa na vichwa vya umbo tofauti kidogo na wazazi wao. Watakwimu wamebishana baadaye kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo, ila umbo halikuwa tena muhuri usiofutika. Uzito nao haukusaidia. Ubongo wa mwandishi Mrusi Ivan Turgenev ulipita kilo mbili. Wa Albert Einstein, uliotolewa alipofariki mwaka 1955, ulikuwa gramu 1,230, chini ya wastani wa mwanamume. Kumpima mtu akili kwa ukubwa wa fuvu ni kama kumpima fundi kwa upana wa karakana yake. Kazi iko kwenye seli za neva zinazokadiriwa kufika bilioni 86, na hasa kwenye miunganiko kati ya seli hizo. Mtu akifa, hayo yote huoza. Mfupa unabaki bila habari.

Hata katika kumtambua mtu, vipimo vile ni dhaifu, kwa kuwa watu wengi mno wana namba zilezile. Wapo wanahistoria wanaolitilia shaka fuvu la Kalenga, na sioni kama ni utovu wa heshima. Njia yenye nguvu zaidi ipo: mwaka 2023 watafiti wa Berlin walilinganisha vinasaba vya mafuvu kadhaa na vya familia za Kilimanjaro, na fuvu moja, la mshauri wa Mangi Meli, chifu wa huko, likakutanishwa na mzao wake aliye hai.

Wakati wazungu wakihangaika na umbo la mifupa, ubongo wa watu wa Nyanda za Juu Kusini una adui wa kweli ambaye rula haimwoni. Ni tegu wa nguruwe. Mbozi, iliyokuwa sehemu ya Mbeya kabla ya mkoa wa Songwe kuundwa mwaka 2016, ilifanyiwa uchunguzi wa damu kwa wanakijiji zaidi ya 800, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha dalili za viluwiluwi vya tegu mwilini kwa takriban mtu mmoja kati ya sita.

Hapa watu wengi wanachanganya mambo. Anayekula kitimoto isiyoiva yenye viluwiluwi hupata tegu mzima tumboni. Anayepata maradhi ya ubongo ni yule anayemeza mayai ya tegu, yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu, kupitia mikono, maji au mboga. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua, ikiwa anaishi au anakula na mwenye tegu. Yai likipasuka utumboni, kiluwiluwi huingia kwenye damu na kufika ubongoni, kikajijengea kifuko cha maji. Kinaweza kukaa miaka mwili usishtuke. Kinapoanza kufa, ubongo unavimba kukizunguka, na hapo kifafa huanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ambako tegu huyu ameenea, kiasi cha asilimia 30 ya kifafa hutokana naye.

Vijijini bado wapo wanaoamini kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza, hivyo akiangukia motoni hakuna wa kumvuta. Haliambukizi.

Tiba nayo si ya kukimbilia duka la dawa. Albendazole huua vifuko, lakini vikifa kwa pamoja uvimbe unaweza kuwa hatari kuliko ugonjwa, kwa hiyo daktari anahitaji kwanza picha ya CT, na mara nyingi huongeza dawa ya kutuliza uvimbe. Mashine za CT ziko hospitali kubwa, mbali na vijiji vingi vinavyofuga. Ndiyo maana watafiti wanakazania upande wa pili: chanjo ya nguruwe iitwayo TSOL18, dawa ya oxfendazole kwa wanyama, mabanda badala ya nguruwe kuzurura, na vyoo. Kinachobaki kigumu ni kumpata mwenye tegu mwenyewe, kwa sababu mara nyingi haumwi chochote, analima na kupika kama kawaida, na dozi moja tu ya dawa ingemtosha.