Dawa Itulizayo Moyo, na Mti wa Amani

Wasikilizaji wetu, wengi wenu wa Tanga, Muheza na Pangani mwaijua milima ya Usambara, na baadhi yenu mmefika Amani, mahali palipo juu ya Muheza, penye baridi na ukungu. Huko Wadachi walianzisha mwaka 1902 kituo cha uchunguzi wa mimea, wakapanda miti ya namna nyingi kutoka nchi za mbali. Mmojawapo ni mti wa kwinini, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Katika vita vilivyoanza 1914, manowari za Waingereza zilipoifunga bahari na dawa za Ulaya zisipate kuingia, kwinini ya kutibu homa ilitengenezwa huko huko Amani kwa gamba la miti hiyo. Habari hii wazee wameieleza. Isiyoelezwa sana ni kwamba gamba la mti wa kwinini lina dawa ya pili, nayo ni ya moyo.

Kwanza tuutazame moyo wenyewe. Una vyumba vinne, na katika chumba cha juu cha kulia pana mahali padogo patoapo amri ya kupiga. Amri hiyo ni umeme hafifu, nao hupita nyamani kwa utaratibu, vyumba vya juu kwanza, kisha vya chini. Mmewaona wavuvi wakivuta wavu pwani: mmoja huimba, wengine huvuta pamoja. Sasa fikirini kila mtu avute kwa wakati wake. Wote watatoka jasho, na wavu hautasogea. Hali hiyo ikitokea katika vyumba vya juu, mtu huona moyo ukimwenda mbio ovyo ovyo, na damu iliyotuama humo yaweza kuganda, ikaenda kuziba mshipa wa ubongo. Ikitokea katika vyumba vya chini, damu haisukumwi kabisa. Mtu huanguka, naye hufa kwa dakika chache asipokandamizwa kifua na kupigwa umeme kwa mashine.

Mwaka 1912 mfanyaji biashara mmoja Mholanzi alimwendea tabibu Karel Wenckebach, bingwa wa maradhi ya moyo, mapigo yake yakiwa hayana mpango. Tabibu akamwambia hana dawa ya kuyarudisha. Yule mtu akajibu ya kuwa yeye anayo, akaenda zake, na kesho yake akarudi moyo wake ukipiga sawasawa. Alikuwa amemeza kwinini. Wenckebach hakuona haya kujifunza kwa mgonjwa wake. Akaiandika habari hiyo mwaka 1914. Mwaka 1918 Walter Frey akajaribu dawa kadhaa za gamba lile, akaona iliyozishinda zote ni kwinidini.

Kwinini na kwinidini ni kama maneno “kata” na “taka”: herufi ni zile zile, mpango ni mwingine, na maana ni nyingine. Kila chembe ya nyama ya moyo ina vilango vipitishavyo chumvi, na umeme wa moyo huzaliwa kwa chumvi hizo kupita. Kwinidini huziba baadhi ya vilango. Basi nyama hukawia kuwa tayari kupokea amri nyingine, na wimbi la umeme lililokuwa likizunguka ovyo huikuta imelala, likafa.

Lakini kukawia huko huko kukizidi, hufungua mlango wa machafuko ya vyumba vya chini, yaliyo mabaya zaidi. Mwaka 1964 Selzer na Wray walieleza habari za wagonjwa waliozimia, na kilichowazimisha ni kwinidini yenyewe. Tena mwaka 1989 huko Marekani ilionekana ya kuwa dawa mbili za baadaye, enkainidi na flekainidi, walizopewa watu waliopona shambulio la moyo, zilifuta mapigo ya kupotea njia. Hata hivyo waliozimeza walikufa wengi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Twakiri kwamba habari hii hututisha kuliko nyingine zote, maana kwa miaka mingi matabibu waliamini kwamba kunyoosha mapigo ni kuokoa mtu.

Siku hizi kwinidini hutumiwa kwa nadra, hasa kwa maradhi machache ya kurithi, kama yale ya Brugada, ambayo huweza kumwua mtu usingizini. Dawa itumikayo zaidi ni amiodaroni, nayo yataka mapafu na tezi la shingo viangaliwe.

Kwa hiyo mwenye mapigo yaliyovurugika, akienda Bombo au hospitali nyingine, aombe moyo wake upimwe kwa mashine ya umeme. Achukue vidonge vyake vyote, vya malaria na vya kukojoza maji pia, maana vya malaria baadhi yake hukawiza moyo vile vile, na vya kukojoza hupunguza chumvi ya potasiamu, na ikipungua, dawa ya moyo hugeuka hatari. Aliyeharisha siku mbili naye amwambie tabibu kabla hajameza kidonge kingine.