Krismasi ya Mombasa huanza Septemba

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Laiti wangalikuwepo leo wakaona jinsi sisi wakazi wa bara tunavyojiandaa kwenda Mombasa wakati wa Krismasi, bila shaka wangaliongeza methali nyingine kuhusu kibaba kinachomwagwa kwa siku nne na kutafutwa kwa miezi minne.

Mambo huenda hivi. Mnamo wiki ya pili ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mshahara ukiwa umekaribia, baba huingia nyumbani na kutangaza kwa sauti ya bashasha kwamba mwaka huu familia haitakwenda mashambani, bali itakwenda kuiona bahari. Watoto hurukaruka kwa furaha. Mama hutabasamu, lakini moyoni anajiuliza maswali mawili ambayo hayathubutu kumtoka kinywani: pesa zipi, na tutalala wapi?

Msomaji mpendwa, kwa maoni yangu maswali hayo mawili ndiyo safari yenyewe. Bahari haihami. Ngome ya Yesu imesimama pale tangu Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593, na Waarabu wa Omani walihitaji kuizingira kwa karibu miaka mitatu kabla ya kuitwaa mwaka 1698. Haitaondoka kwa sababu wewe umechelewa mwaka mmoja. Kitakachoondoka ni heshima yako mbele ya jamaa zako, pamoja na karo ya mwanao ya Januari.

Sisemi haya kwa kusikia. Desemba ya mwaka 1995 nilimchukua mke wangu na watoto wetu watatu tukapanda basi la usiku hadi Mombasa. Sikuwa nimemwandikia yeyote barua wala kumpigia simu. Nilijua tu kwamba binamu yangu, mwana wa mjomba wangu, alikuwa kibarua bandarini na aliishi Changamwe. Nilijiambia kuwa damu ni nzito kuliko maji, na kwamba jamaa haombwi nafasi.

Tulipobisha hodi asubuhi ile tulikuta chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Ndani mlikuwa na mwenyeji, mkewe, watoto wao wanne, na wageni wengine watatu wa upande wa mkewe waliotutangulia kwa siku moja. Binamu yangu alinyanyua mikono akasema, "Karibuni, ndugu zangu, karibuni sana." Hakuonyesha hata chembe ya kero. Siku tano tulizokaa pale, alirudi kutoka zamu ya usiku akajilaza kwenye mkeka barazani, juani, kwa kuwa kitanda chake tulikuwa tumekikalia sisi.

Aibu haikuishia hapo. Nilipokwenda kutafuta tikiti za kurudi, nilikuta nauli imepanda maradufu. Mfukoni nilikuwa na nusu ya kilichohitajika. Nikamwendea mtu yule yule niliyemnyang'anya kitanda, nikamkopa nauli. Alinipa bila swali. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba fedha zile zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya kifungua mimba wake aliyetarajiwa kuingia kidato cha kwanza, na kwamba kijana huyo alichelewa kuripoti shuleni. Deni nililimaliza mwezi wa Aprili. Lakini wiki alizopoteza mtoto yule darasani sikuwa na namna ya kuzilipa.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo mmoja, nao ni huu: safari ya Krismasi huanza kupangwa Septemba, na hupangwa kuanzia mwisho kuja mwanzo. Kwanza huja Januari, halafu nauli ya kurudi, kisha malazi, na mwishowe starehe. Wengi wetu tumeupindua mpangilio huo, tukaanza na starehe na kumalizia na mkopo.

Hebu tuipime safari yenyewe kwa hesabu. Reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh700. Ikapanda hadi Sh1,000, na kuanzia Januari 2024 ikawekwa kuwa Sh1,500, huku daraja la kwanza likipanda kutoka Sh3,000 hadi Sh4,500. Watoto wa umri wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipiwa nusu. Kwa viwango hivyo, baba, mama na watoto watatu wa umri huo hutumia Sh5,250 kwenda katika daraja la kawaida, na Sh10,500 kwenda na kurudi. Ukiweka kando Sh3,000 kila mwezi kuanzia mwishoni mwa Agosti, kufikia mwisho wa Novemba utakuwa na nauli yote na chenji ya maji ya kunywa. Ukingoja Desemba, utazitafuta zote kwa siku moja, na wakati huo tikiti za garimoshi zitakuwa zimekwisha kitambo.

Ukikosa garimoshi, basi ndilo kimbilio. Sina ugomvi na mabasi, ila kila mmoja wetu anafahamu yatokeayo vituoni ifikapo tarehe 22 Desemba. Nauli hubadilika kati ya asubuhi na jioni, na dereva aliyeendesha usiku kucha hugeuza gari bila kupumzika kwa sababu abiria wanangoja. Ni takriban kilomita 480 za barabara inayotumiwa pia na malori ya bandarini. Anayesafiri siku tatu au nne kabla ya halaiki hulipa kidogo, huketi vizuri na, muhimu kuliko yote, huongeza uwezekano wa kufika salama.

Aidha, mgeni na afahamu kwamba kushuka kwenye garimoshi si kuwasili mjini. Kituo kiko Miritini, bara, ilhali Mji wa Kale na Ngome ya Yesu viko kisiwani, na fuo nyingi zinazosifiwa ziko Kaskazini au Kusini. Mwenye kulala Diani au Likoni ana kivuko cha kuvuka, labda awe na gari la kupitia barabara ya Dongo Kundu. Nauli hizi ndogo ndogo ndizo humaliza mfuko bila mwenyewe kutambua.

Kuhusu kivuko, nawasihi wageni wasikipande kwa kusukumana. Wenyeji hawajaisahau Aprili 29, 1994, siku kivuko cha Mtongwe kilipozama na kuua watu 272. Wanapokwambia ungoje zamu yako, hawakucheleweshi bure.

Sasa nirudie swali la pili la mama: tutalala wapi? Wanaojiweza watajilipia chumba mapema. Kwa sisi wengine, jawabu ni jamaa, wala si kosa. Utu wetu umejengwa juu ya kukaribishana. Kosa ni kumfanya jamaa awe hoteli isiyolipwa. Siku hizi hakuna udhuru, kwani simu iko katika kila mfuko. Mpigie Oktoba, umuulize wala usimwarifu. Msikilize jinsi anavyojibu. Akisitasita, jua kwamba amekwisha kukujibu. Akikubali, mtumie fedha za unga, mchele na mafuta kabla hujafika, ili asilazimike kukopa dukani kwa ajili ya heshima yako. Na siku ya kuondoka itajwe mapema kama ya kufika. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi wewe lichukue jembe lako tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo jingine wanalolisahau watu wa bara. Mombasa ni mji wa watu kabla ya kuwa uwanja wa michezo wa wageni. Majirani wengi wa jamaa yako hawasherehekei Krismasi, na bado watakusalimu kwa ukarimu na pengine watakuletea sahani ya biriani. Kuwarudishia wema huo ni kuvaa kwa staha upitapo vichochoro vya Mji wa Kale na kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Mkristo naye asidhani kwamba huko ni ugenini kwa imani yake. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wao mchanga huko upande wa bara, kisha mwaka 1846 akaanzisha misheni kule Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Familia itakayotenga asubuhi moja kwenda Rabai itarudi na hadithi yenye uzito kuliko picha mia za ufukweni.

Na starehe je? Nyingi hazihitaji mfuko mnene. Kutembea katika Mji wa Kale hakuna kiingilio. Upepo wa jioni kwenye bustani ya Mama Ngina, ukitazama meli zikiingia Kilindini, haupimwi kwa mizani, na ukiwa na viazi karai na dafu mkononi hutamani karamu ya mtu. Kule Bamburi, watoto wajionee msitu uliooteshwa kuanzia mwaka 1971 juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji. Ni somo la mazingira kuliko vitabu vingi.

Hata hivyo, bahari haichezewi. Desemba ni majira ya kaskazi; jua ni kali na maji yanavutia. Mtoto aliyejifunza kuogelea mtoni, au ambaye hakujifunza kabisa, haelewi kwamba maji yaliyomfika magotini saa nne yanaweza kumfika kifuani saa sita. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na maji hujaa na kupwa kwa kasi zaidi. Muulize mvuvi au mwuza madafu saa za kujaa na kupwa kabla hujavua viatu. Halafu mmoja kati yenu wazazi awe na kazi moja tu, kuwatazama watoto, mwenzake naye ampokee. Mzazi mwenye chupa mkononi hahesabiwi kuwa mlinzi.

Najua kuna watakaosema kwamba mipango mingi huondoa utamu wa safari, na kwamba maskini naye ana haki ya kufurahi bila daftari. Haki hiyo naikubali kwa moyo wangu wote. Ndiyo maana naandika haya. Tajiri anaweza kukosea Desemba asijutie Januari. Mwenye mshahara mdogo hana nafasi hiyo. Akikopa kwa simu Sh5,000 ufukweni, riba itamngoja nyumbani, na furaha ya siku nne itakuwa imelipiwa na mtoto atakayefukuzwa shuleni.

Na ikiwa hesabu imegoma, iambie familia ukweli. Waketishe watoto, waonyeshe kibubu, waambie kwamba mwaka ujao ndio wetu. Mtoto hafi kwa kukosa bahari mwaka mmoja, na aliyeshirikishwa katika kuweka akiba hujifunza jambo ambalo bahari haimfunzi.

Binamu yangu alistaafu, akarudi mashambani. Krismasi moja nilimpigia simu nikamwomba aje Nairobi na mkewe kwa wiki moja, nauli zao nikiwa nimezilipa mwezi mmoja kabla. Walipofika niliwapa chumba changu. Nililala sebuleni kwenye mkeka siku zote saba, na sikumbuki Krismasi nyingine niliyopata usingizi mzuri kama ule.